Wivu wa Dereva wa Kwaya

Matangani kwa Lambert watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsifu. Walisema alikuwa mpole, alikuwa mcheshi, na alishona suti ambazo mtu angeweza kuzikwa nazo bila kuona haya mbele za Mungu. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna aliyethubutu kutaja wivu wake, na asiyeujua wivu ule hamjui Lambert vizuri. Alikuwa na wivu wa kukondesha, wivu wa kumfanya mtu mzima asimame nyuma ya pazia la sebuleni kuchungulia barabarani. Na kilichomtia wivu hakikuwa mwanamke. Kilikuwa kombi nyeupe ya viti kumi na vitano, mali ya kanisa.

Alizaliwa Likasi, kule Katanga, akaja Johannesburg akiwa kijana na mkasi wake wa ushonaji umefungwa ndani ya taulo. Siku za kazi alikaa Fordsburg, nyuma ya duka la vitambaa, akipunguza viuno na kurefusha mikono ya makoti ya watu. Nyumbani kulikuwa Doornfontein, ghorofa ya tatu, pamoja na mkewe Léocadie, ambaye ni msusi, na binti yao Chloé, aliyezaliwa huku huku. Chloé alisikia Kiswahili chote alichoambiwa, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama mtu anayelipa kwa fedha za nchi nyingine.

Siku ya Jumapili Lambert alikuwa mtu mwingine. Kwa miaka minane yeye ndiye aliyeendesha kombi ya kwaya, akiwapeleka waimbaji Soweto, Germiston, Tembisa, popote walipoalikwa. Katika kanisa lile kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka ilianzishwa na nani. Kwaya ikishakaribishwa chakula, sahani ya kwanza kutoka jikoni ni ya dereva, kabla hata ya mchungaji, na juu ya wali lazima pawepo firigisi ya kuku. Kwao Katanga firigisi hapewi mtu ovyo. Ni ya mkubwa wa nyumba. Maman Agnès, mama mnene aliyetawala masufuria yote ya kanisa, alikuwa akisema kwamba aliyebeba roho za watu ndiye mkubwa wa siku hiyo, na mchungaji atangoja. Lambert aliipokea sahani ile kwa mikono miwili, akaishusha polepole, akahakikisha kila mtu ameiona.

Sukari alikuwa nayo tangu zamani. Alichoma sindano zake asubuhi na jioni, akaizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele. Mwaka 2016 ndipo miguu ilipoanza mambo yake. Kwanza nyayo zilichoma kana kwamba amesimama juu ya mchanga wa saa sita mchana. Baadaye moto ukapoa, naye akamshukuru Mungu, kumbe kilichopoa ni miguu yenyewe. Alikuwa akipanda ngazi hadi mlangoni akiwa na ndala moja, nyingine imebaki ghorofa ya pili, wala hana habari. Chloé akazoea kutumwa kuifuata. Kazini, cherehani ya umeme ikaanza kumkimbia: anadhani amegusa pedali kidogo tu, mara sindano imeshavuka bega la koti na kupanda kwenye kola. Alimlaumu fundi wa mashine.

Ndani ya kombi alijitafutia dawa. Alikuwa akiangalia chini. Akitaka breki, jicho lilishuka kwanza kuutafuta mguu, kisha likarudi barabarani. Léocadie, aliyekaa nyuma yake, alikiona kichwa kile kikiinama na kuinuka kama cha kuku anayekunywa maji, akawa anashika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili.

Jumapili moja kombi ilikuwa imesimama kwenye roboti, kama zinavyoitwa taa za barabarani katika jiji hili. Taa ilikuwa nyekundu, kwaya inaimba, Lambert anapigapiga usukani kufuata mdundo. Kombi ikaanza kusogea. Ilisogea taratibu, bila haraka, mpaka ikaigonga kwa nyuma taksi iliyokuwa mbele. Wimbo ukakatika. Dereva wa taksi akashuka, amekunja mikono ya shati.

Aliyeshuka upande wa kwaya hakuwa Lambert. Alikuwa Pitchou, kijana wa Lubumbashi aliyeimba sauti ya tatu na kuendesha magari ya kampuni ya ulinzi siku za wiki. Pitchou alikuwa na mabega, alikuwa na meno, na alikuwa na Kizulu.

"Eish, uxolo baba, uxolo," alisikika akiomba radhi, kisha maneno mengine mengi, kisha yule mtu mwenye hasira akacheka. Wakapigana viganja. "Sharp!" akasema dereva, yaani mambo safi, na taksi ikaondoka.

Kina mama wakampigia Pitchou makofi alipopanda. Mmoja akauliza, "Papa Lambert, ulisinzia?"

"Breki zimezeeka," Lambert akajibu, bila kugeuka. Hakusikia aibu ya kugonga kama alivyosikia uchungu wa yale makofi.

Léocadie ndiye aliyemburuta kliniki. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye uzi mgumu wa plastiki uliosimama kwenye kishikio. Akamwambia Lambert afumbe macho, na kila atakaposikia kitu kimegusa unyayo aseme ndiyo. Lambert akafumba. Akangoja daktari aanze. Akangoja sana, mwisho akafumbua macho kumuuliza kulikoni, akamkuta anarudisha uzi wake mezani. Alikuwa ameshamaliza miguu yote miwili.

"Sukari imeharibu mishipa ya fahamu," daktari alisema. "Mguu unafanya kazi, lakini haukuletei habari. Kwa hiyo kwa sasa usiendeshe."

"Kwa sasa mpaka lini?"

"Mpaka upimwe na wataalamu wa udereva. Kuna watu wenye hali kama yako wanaoendesha kihalali, wengine kwa mikono. Lakini kwa mguu huu, ukiwa na watu nyuma yako, hapana. Na sheria inakutaka wewe mwenyewe ukawaambie ofisi ya leseni. Usingoje ajali ikusemee. Siku ukigonga mtu wakati ulishakatazwa, hata bima itakukana."

Lambert aliitikia kila neno. Hakwenda ofisi ya leseni. Alikwenda kwa Mchungaji Théodore, akasema miguu inamsumbua kidogo, anaomba kupumzika wiki chache. Hakutaja uzi wa plastiki wala alichoambiwa na daktari. Mchungaji akamwonea huruma, akamshukuru kwa utumishi, halafu akaingiza mkono mfukoni mwa Lambert, ndivyo Lambert alivyopenda kuisimulia baadaye, akautoa ufunguo na kumpa Pitchou.

Ndipo wivu ulipohamia nyumbani kwao.

Kila Jumamosi Pitchou aliiosha kombi chini ya jengo la kina Lambert, na kila Jumamosi Lambert alikuwa nyuma ya pazia. "Anatumia sabuni ya sahani," alimwambia Léocadie. "Rangi itakufa." Jumapili aliketi safu ya tatu, ngoma imemkandamiza goti, akiangalia jinsi kiti chake kilivyosukumwa nyuma ili kitoshe miguu mirefu ya mwenzake. Pitchou alining'iniza kiatu kidogo cha mpira wa miguu kwenye kioo. Pitchou alipiga honi kusalimia watu. Na Chloé, mwanawe wa kumzaa, alikimbilia kukaa mbele na kucheka kila alichosema Pitchou, kwa sababu Pitchou alijua Kiingereza cha watoto wa huku.

Siku walipoalikwa Germiston, Maman Agnès alitoka jikoni na sahani ya kwanza. Lambert, kwa mazoea ya miaka minane, aliinua mikono miwili. Sahani ikapita juu ya kichwa chake, ikaenda kwa Pitchou. Akajifanya alikuwa anajinyoosha.

"Umemwona anavyokula?" alimuuliza mkewe walipofika nyumbani. "Firigisi haitafunwi namna ile. Ameimeza kama kidonge."

"Papa Chloé, sasa unahesabu mpaka meno ya mtu?"

"Mnamchekea. Nyote mnamchekea. Na weye pia."

"Miye nacheka kwa sababu napanda gari bila kushika kiti."

Akanuna siku mbili. Alisali pia, maana alikuwa mtu wa kusali. Alimwomba Mungu amponye miguu, na mara mbili tatu alimwomba amfungulie Pitchou mlango wa kazi nzuri Cape Town.

Mwaka uliofuata ukaja mwaliko mkubwa. Familia moja ya Lubumbashi ilikuwa inaoza binti Pretoria, na kwaya ya Doornfontein ndiyo itakayomwingiza bibi harusi kanisani. Kombi yao ingetangulia msafara, imefungwa maua. Lambert alilisikia tangazo hilo akiwa pembeni ya ngoma, akamwona Pitchou anajirekebisha tai.

Jumatano iliyofuata ilikuwa siku ya kufunga na kuomba, mchana, ukumbini juu ya karakana ambako kanisa lilikutania. Mchungaji Théodore akawaita wagonjwa mbele. Lambert akaenda na fimbo yake. Watu wakaomba kwa nguvu, jasho likamtoka, na katikati ya kelele zile akasikia joto linashuka mpaka kwenye magoti. Hilo alilisikia kweli. Chini ya magoti hakusikia kitu. Lakini alimwona Pitchou mstari wa nyuma, amefumba macho, ufunguo unaning'inia kwenye mkanda wake, na mdomo wa Lambert ukaenda mbele ya miguu.

"Nashuhudia!" akapaza sauti. "Nimepona! Ninasikia mpaka vidole!"

Akaitupa fimbo. Akatembea kutoka madhabahuni mpaka mlangoni na kurudi, akiangalia sakafu. Vigelegele vikapasua ukumbi. Sasa, mtu ambaye hajaishi katika kanisa kama lile huenda akashangaa kwa nini hakuna aliyeuliza swali. Ushuhuda hauulizwi. Anayeutilia shaka anamtilia shaka Mungu, na hakuna aliyetaka kuwa mtu huyo siku ya kufunga. Mchungaji akamkumbatia Lambert, akageuka na kusema, "Pitchou, mwanangu, mrudishie mzee ufunguo wake." Pitchou akauchomoa, akaja mbele mbio, akampa kwa mikono miwili. Kisha akapiga makofi kuliko watu wote. Lambert angefurahi zaidi kama Pitchou angenuna.

Léocadie hakupiga kigelegele. Lambert alijua maana yake, akazungumza peke yake njia nzima mpaka wakafika.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, alitoka kazini kwa miguu kama alivyopenda, akakatiza Marshalltown katikati ya wauza soksi na wauza ndizi, akafika nyumbani jua bado lipo. Akaketi, akavua kiatu cha kulia. Soksi ilikuwa imelowa na kunata. Akaivuta, akaona kichwa cha bluu cha pini ya kushonea kimekaa kwenye unyayo, pini yenyewe yote iko ndani. Ilikuwa imeingia kule kazini bila shaka, asubuhi, akaibeba mchana kutwa, akaikanyaga kutoka Fordsburg mpaka Doornfontein, huku akipiga mluzi.

Alitaka kuificha. Lakini Léocadie alikuwa amesimama mlangoni, na kitana mkononi.

Akapiga magoti, akaichomoa pini, akausafisha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga kitambaa. Lambert hakushtuka hata mara moja, kwa sababu hakusikia chochote. Hapo mkewe akainua macho.

"Ile mguu yenye haisikie sindano," akamuuliza kwa Kiswahili cha kwao, "itasikia breki?"

"Ni kidonda kidogo."

"Sikuuliza kidonda."

"Unataka Pitchou aendeshe. Sema tu. Tangu zamani unamtaka Pitchou."

Léocadie akanyanyuka, akaikunja soksi yenye damu. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kesho miye na Chloé tutapanda taksi," alisema. "Sitasema kitu kwa watu. Ushuhuda ni wako. Lakini mwana wangu hatakaa nyuma yako kwenye barabara kuu."

Alikuwa mwanamke wa neno lake. Jumamosi asubuhi kombi ilisimama mbele ya jengo, maua kwenye boneti, utepe kwenye vioo. Waimbaji kumi na mmoja walikuwa ndani, wamevaa zambarau, wamekwisha kuanza kuimba. Lambert alikuwa kwenye kiti chake, amekisogeza mbele mahali pake pa zamani. Kiatu cha mpira alikitoa kwenye kioo tangu Alhamisi. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiomba kwa Mungu. Kwenye ukingo wa barabara walisimama Léocadie na Chloé na mfuko wao wa viatu vya harusi.

"Maman Chloé, panda! Tunachelewa!" watu wakaita.

"Tangulieni. Sisi tutakuja na taksi."

"Taksi ya nini, na nafasi ziko?"

Hakujibu. Chloé akauliza kwa Kiingereza kwa nini hawaendi na baba. Mama yake akamwambia wataenda naye siku nyingine. Lambert alimsikia, maana dirisha lilikuwa wazi. Akawasha injini. Akajaribu kuusikia mguu wake, kwa dhati, kama mtu anayesikiliza mlango ulio mbali. Alijua uko kwenye breki kwa sababu tu aliuona. Nyuma yake soprano walikuwa wanagombana kuhusu nani ameshika maji ya kunywa. Akafikiria barabara kuu ya Pretoria, malori, na kichwa chake kikiinama kuutafuta mguu.

Akazima injini. Akafungua mlango, akashuka, akakishika kioo cha pembeni asiyumbe.

"Pitchou! Njoo."

"Kuko nini, Papa?"

"Shika ufunguo."

Pitchou akatoa kichwa dirishani. "Lakini Papa, siku yako ni leo."

Mchungaji Théodore, aliyekuwa kiti cha mbele, akageuka mwili mzima. "Ndugu Lambert, Mungu si amekuponya?"

"Pasta, Mungu sikumsikia akisema. Miye ndiye nilisema." Akainamisha kichwa kuelekea kiatu kilichovimba kwa kitambaa. "Jana nilikanyaga pini mchana kutwa, sikuijua. Na daktari alishanikataza kuendesha, tangu mwaka jana. Nilikuficha."

Mtu mmoja ndani akasema "Yesu!" kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka. Mchungaji akapangusa uso. "Basi tutaendelea kuomba," alisema hatimaye, "na daktari aendelee na kazi yake. Panda, ndugu yangu." Lakini Lambert alikwenda kusimama na mkewe na mwanawe, wakapanda taksi watatu, maua ya kombi yakipotelea kwenye kona.

Harusini Maman Agnès alitoka na sahani ya kwanza. Pitchou akaila yote, firigisi na mchuzi, akaramba vidole, akajipapasa tumbo. Wala hakuangalia alipokaa Lambert. Lambert aliangalia kila tonge.

Mtu angedhani wivu uliisha pale kwenye ukingo wa barabara. Haukuisha. Uligeuka ukawa na mwendo, ukaanza kumsukuma mbele. Jumatatu Lambert alikwenda ofisi ya leseni, akapanga foleni, akamweleza karani kwamba amekuja kusema miguu yake imeharibika. Karani alimtazama kama mtu aliyekuja polisi kujikamata. Lambert akakirudisha kibali chake cha kubeba abiria, kile ambacho huwezi kuendesha kombi ya watu bila kuwa nacho na ambacho daktari husaini kila kinapohuishwa. Alikitoa kwenye pochi yake polepole, akakisukuma chini ya kioo, kisha mkono ukakaa pale pale kwa muda.

Kliniki ikampeleka kwa Kathambi, Mkenya wa Meru aliyekuwa mtaalamu wa kuwapima madereva wenye maradhi na ulemavu. Kathambi alimwita mzee na hakumwonea huruma hata kidogo.

"Mzee, niambie ukweli. Ulikuwa unaangalia miguu ukiendesha?"

"Kidogo."

"Ukiangalia miguu, barabara ilikuwa inaangaliwa na nani?"

Kathambi akampima macho, akampima kasi ya kushtuka, akamwambia abonyeze pedali ya mashine kwa nguvu aliyoonyeshwa kwenye kioo. Sindano ya kipimo ikaruka kama cherehani ya Fordsburg. Kisha akamshika mikono.

"Hii je, iko sawa? Unaweza kutunga uzi kwenye sindano?"

"Bila miwani, dada."

"Sawa. Mungu amekuachia mahali pa kuanzia." Akaandika. "Lakini nikwambie wazi, usije ukanung'unika baadaye. Mambo ya kubeba kwaya imeisha. Gari yako ndogo, familia yako, ya kuendeshwa kwa mikono, hiyo tutajaribu. Utajifunza upya kama kijana, ufanye mtihani upya, na leseni itasema wazi ni gari ya aina gani. Kila mwaka utarudi kwa daktari, maana hii kitu inaweza kupanda mpaka mikononi. Na kwa vile unachoma sindano, hakuna kuwasha gari kabla ya kupima sukari. Ikishuka ukiwa barabarani, macho yatafanya giza na hutajua."

"Nimesikia." Lambert akafikiri. "Na yule kijana anayeendesha kombi sasa, mtampima lini?"

"Ako na shida gani?"

"Hana."

"Sasa?"

"Nauliza tu."

Kathambi akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

Lambert aliuza cherehani yake ya pili akanunua gari dogo kuukuu lisilo na klachi. Mafundi wakalifunga mkono wa chuma kando ya usukani: ukiusukuma gari linasimama, ukiuvuta linaondoka. Juu ya usukani wakaweka kishikio cha duara cha kuzungushia kwa mkono mmoja, na mbele ya pedali bamba la kuzuia mguu wake usiende kujifanya unafanya kazi. Mwalimu alimfundisha kwenye uwanja mtupu. Wiki za kwanza alikuwa akitaka kusimama, mguu unakanyaga bamba, gari linaendelea. Alitukana kwa Kifaransa, akatubu, akaanza tena. Mtihani wa kwanza alishindwa. Alirudi nyumbani akamwambia Léocadie, "Pitchou alipita mara ya kwanza, nimeuliza." Mtihani wa pili alipita. Kadi ilipotoka aliiweka juu ya meza na kuigeuza mbele na nyuma, akamwonyesha Chloé mahali palipoandikwa namba inayoonyesha gari la kuendeshwa kwa mikono. Chloé akamjibu, na kwa mara moja akajibu kwa Kiswahili: "Papa iko na leseni ya peke yake."

Haikuwa na kibali cha abiria. Hilo alilijua kila alipoishika.

Mwezi Machi 2018, Jumapili, ibada ilitoka na mvua ikiwa inanyesha. Kombi ilikuwa mlangoni, Pitchou ameufungua mlango wake na kusimama na mwavuli. Lambert alikuwa amekwisha kuketi garini mwake, Léocadie na Chloé nyuma, kiti cha mbele kikiwa kitupu kwa sababu mwavuli wa Léocadie ulikuwa umelowesha kitambaa cha kiti hicho. Maman Agnès akatoka, akamtazama Pitchou, akaitazama mvua, akavuka barabara na sufuria lake kichwani. Akafungua mlango wa gari dogo, akampa Chloé sufuria, akajitia ndani mpaka gari likainama upande wake.

"Twende," alisema.

"Maman, kile kibali cha abiria nilikirudisha. Siruhusiwi kubeba watu kwa malipo."

"Nani amesema nitakulipa?"

Kutoka ng'ambo Pitchou akapaza sauti. "Maman Agnès! Nafasi yako ya mbele nimekuwekea!"

"Baki nayo! Weye unaendesha kama mtu ameibiwa!" Akafunga mlango kwa kishindo. "Mvua hii, na yeye na honi zake. Twende, Papa Lambert."

"Ngoja kidogo, Maman."

"Ningoje nini tena?"

Akatoa kipimo chake, akajichoma kidole, akaweka tone. Maman Agnès akatazama, mikono mapajani. Namba ikatokea, nayo ilikuwa nzuri. Lambert akaifuta damu, akafunga mkanda, akamwambia na yeye afunge wake. Akasukuma mkono wa chuma, akausikia ukishika, katika kiganja, bila kuangalia chini.

Pitchou alikuwa bado amesimama mvuani, mlango wa kombi uko wazi, anautazama mgongo wa Maman Agnès. Lambert akaiona sura ile, akaijua vizuri, maana aliivaa mwenyewe mwaka mzima na zaidi. Angeweza kumwita, akamtania, akampa neno jema kama Mkristo. Badala yake, Mungu amsamehe, alimpungia mkono, akalipandisha dirisha polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha akauvuta ule mkono wa chuma, wakaondoka.